Mshono Unaoruka

Baba alikuwa fundi wa sare za askari pale Bombo,
kwa hiyo alipokishika kifundo cha mkono wake
na kuyasikia mapigo, hakutaja moyo.
Alisema, "Inaruka mshono."

Daktari wa kwanza, karibu na stendi,
alimsikiliza kwa muda wa kupuliza chai.
Uzee, akasema. Aspirini moja ndogo
kila asubuhi, baada ya kula.

Wa pili alikuwa Kampala, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Baba alifika juu na tepu yake shingoni,
yule na kipimo chake shingoni,
wakatazamana, fundi na fundi.
"Aspirini? Nani huyo?" Akaifuta kwa kalamu nyekundu.
Akaandika warfarini: damu iwe nyepesi,
ila isiwe nyepesi sana, ipimwe kila wiki,
na mboga za majani zisizidi, zisipungue.
Nakati nayo ipimwe kwa kijiko!
Wiki ya tatu kemikali ya kupimia iliisha.
Wiki ya nne ilikuwepo, mpimaji yuko mazishini.
Wiki ya tano mswaki ulitoka mwekundu.

"Umri huu?" akasema wa tatu. "Akiteleza bafuni je?"
Acha hizo. Tupunguze kasi tu.
Wa nne hakutaka kasi, alitaka umeme:
alazwe, ashtuliwe mara moja,
mapigo yarudi kwenye mstari.
Wapi? Si hapa.
Kiasi gani? Akavitazama viatu vyangu.

Nina daftari la kurasa tisini na sita.
Kila ukurasa unaukana ulioutangulia.

Bi Zamzam, nyumba ya pili, ana moyo wa namna hiyo hiyo,
kazaliwa mwaka mmoja na Baba.
Yeye alipewa kidonge kipya, asubuhi na jioni,
hakitaki kupimwa damu,
bei yake ni kodi ya chumba.
Mwanawe hutuma pesa kutoka Juba.
Kwenye arusi ya Rizgalla walikaa pembeni
wakafungua mifuko yao kama watoto wenye gololi.
"Hiki mimi waliniambia nitupe."
"Mimi waliniambia nisikikose hata siku ya kufa."
Wakacheka mpaka Baba akashika kifua
na hema zima likanyamaza.
Alikuwa anacheka tu.

Januari pesa ya Juba haikufika.
Bi Zamzam akawa anakunywa kimoja badala ya viwili,
kisha kimoja kwa siku mbili, bila kumwambia mtu.
Februari aliamka mdomo umekwenda upande,
na jina la Baba
likamshinda.

Daktari Ayikoru alikuwa wa tano, mdogo kuliko mimi.
Alilisoma daftari lote, foleni ikinung'unika nje.
Hakumcheka yeyote.
"Kila mmoja aliogopa kitu chake," akasema.
"Mwingine damu kuganda, mwingine damu kumwagika."
"Na wewe?" Baba akauliza.
Alivua miwani. "Mimi kuganda kwanza.
Kuanguka tunaweza kuweka mkeka bafuni.
Lakini sina uhakika waliokuwa nao hawa."
Baba aliitikia kwa kichwa, taratibu.
Njiani aliniambia:
cherehani ikiruka, mmoja atalaumu sindano,
mwingine uzi, mwingine mafuta,
na wote watakaza skrubu ile ile.
Anayesema ngoja niione ikishona,
huyo mwachie mashine.

Sasa anakunywa alichoandikiwa.
Mwezi huu kipo.
Vile vya zamani kavificha kwenye kopo la vifungo;
najua, sijavitupa.

Usiku naweka vidole viwili kwenye mkono wake.
Moja, mbili,
          tatu, nne-tano,
sita
          najikuta nashika pumzi yangu mwenyewe.
"Ngapi?" anauliza, macho kafumba.
"Sabini na kitu."
"Kitu gani?"